Angalia Pinyon, Usiangalie Shene

Josiane mwanangu,

Ya safari mama yako amekwisha kuyasema yote. Asubuhi nilimusikia nyuma ya nyumba: karata yako ya kitambulisho uiweke ndani ya nguo, hapana ndani ya mufuko, maji ya njiani usikunywe, mustikeri ya kuzuia mbu usimuazime mutu, hata kama ni mutoto wa mujomba. Amerudilia mpaka majirani wanaweza kusafiri pamoja na weye bila kupotea. Basi mimi sitaongeza kitu.

Nakuandikia hapa garaji. Wengine wamekwisha kurudi kwao, jua lingali kidogo, na karatasi nimeiweka juu ya ile meza ya chuma. Kama kuna doa ya mafuta, usiseme papa ni muchafu, sema ni yeye kweli mwenye aliandika. Mimi siko mutu wa barua. Maneno ya kugombeza inanitokaka yenyewe, hata sijaiita. Lakini maneno ya moyo iko kwangu kama buloni yenye kutu: nikikaza inakatika, nikilegeza haisogei. Njo maana nimechagua kalamu, juu kalamu haina sauti.

Jana uliingia hapa wakati siye wote tulikuwa tunakula. Ulimimina mafuta ya mazuti kidogo mu sahani, ukanawa mikono polepole mpaka kwenye kiwiko, ukapanguza kle ya yaya yako Faustin, ile kubwa ya kufungulia buloni, ukaiweka juu ya meza hii, ukatoka. Hakuna mwenye alikutuma. Hakuna mwenye alicheka. Mimi nilibaki na tonge ya bugali mukononi. Jioni mama yako akaniambia yenye ulimuambia: kama ukifika Kisangani kwa mujomba wako, hautaingia tena mu garaji yake ya malori vile tulipatana, utaomba akutafutie mashini ya kushona. Nikamuuliza juu ya nini. Akasema, "Anasema papa yake mwenyewe aliona kazi yake, akageuza mugongo, akatoka. Anasema basi yeye haiko fundi."

Mwanangu, kushona ni kazi. Mama yangu alitulea na mashini ya kushona, na sijasahau. Kama ungekuwa unapenda kushona, ningekutafutia mashini mimi mwenyewe na ningeitia mafuta kila mwezi. Lakini weye hauendi kushona kwa kupenda. Unaenda kushona juu yangu, juu ya ule mugongo wenye uliona ukitoka kwa mulango. Na mimi nimekwisha kupoteza mutoto mumoja, yaya yako, kwa njia ile ile. Wa pili sitamuacha apotee nikiwa nimefunga kinywa.

Nakuambia basi: kalaje yako, kule kupanga moteri, kwenye minibisi ya shofere Zakaria yenye itakupeleka, ilikuwa sawa. Najua hautaamini. Utasema papa ananibembeleza juu naenda mbali. Kwa hiyo lazima nikuambie ya Faustin, yenye haujaisikia, juu siku zile ulikuwa ku Aveba kwa shangazi yako ukisoma, na uliporudi ilikuwa kwa matanga. Mama yako ataisoma barua hii mbele ya weye kuisoma, namujua, kwa hiyo mahali pengine nitaeleza vitu vyenye weye unajua. Univumilie.

Nilijifunza kazi kwa muzee Gersoni, Mungu amupumzishe. Alikuwa mutu mufupi wa sauti kubwa, na alinifundisha kwenye malori ya zamani, zile zenye hazina shene, ule munyororo wa ndani ya moteri. Pinyon, gurudumu lenye meno, inauma pinyon, chuma kwa chuma, ya chini inazungusha ya juu. Kila pinyon iko na alama yake, kitone kidogo. Kalaje ni kupanga zile alama zitazamane, ili sipapu, vile vilango vya hewa, zifunguke na zifunge kwa wakati wake. Ukikosa meno, pistoni inapanda wakati sipapu ingali chini, zinagongana, na moteri ya mutu imekufa. Kwa hiyo muzee Gersoni alikuwa na sheria: mbele ya kugusa kontakti ya kuwasha, zungusha moteri kwa mukono mara mbili. Mukono unasikia. Ukisikia kitu kinagusa, simama, usilazimishe. Alama zote zikirudi nyumbani, washa. Alama moja ikikosa kurudi, bomoa uanze tena. Ile sheria niliishika kuliko ya kanisa, Mungu anisamehe.

Sheria ya pili unaijua, juu umeitumia jana. Mwenye kukosa kalaje ananawa na mazuti mbele ya wenzake na kurudisha kle. Anafagia, anachota maji, mpaka siku mwalimu mwenyewe anamurudishia kle yake mukono kwa mukono. Haiachwi juu ya meza aiokote. Lazima mwalimu amunyoshee. Mimi pia niliirudisha siku moja nikiwa kijana. Walinicheka wiki nzima, na muzee Gersoni alipokuja kunirudishia alisema, kamata, na usinipatishe haya tena. Haikuwa jambo la kuvunja mutu. Mimi njo niliifanya ikavunja mutu.

Kulikuwa na kamioneti ya mama mumoja mwenye kuleta samaki kutoka Tchomia. Shene yake ilikuwa imechoka, inapiga kelele ukiwasha, tukaleta shene mupya pamoja na vitu vyake vyote. Faustin aliomba aifanye yeye. Alikuwa na mikono mizuri kunipita, na sikumuambia hata siku moja, niliogopa kichwa chake kitavimba. Nikamuachia. Ile shene mupya ilikuwa na viungo vitatu vya rangi, vingine vyote vyeusi. Unaweka kila kiungo cha rangi juu ya alama ya pinyon yake, kazi imekwisha. Faustin akafanya vile, akaniita nione: kweli, rangi juu ya alama, zote tatu. Kisha mama wa samaki akanivuta pembeni kulalamika kama samaki zake zinamungoja ku Tchomia, na niliporudi Faustin alikuwa amekwisha kuzungusha mara mbili kwa mukono. Nikainama, nikamulika na toroshi. Viungo vya rangi vilikuwa vimepotea. Kimoja nilikiona mbali kule pembeni, vingine vimeingia chini.

Pinyon sikuziangalia. Niliona rangi tu, na sheria ya muzee Gersoni ikanipanda kichwani: alama moja ikikosa kurudi, bomoa. Nikapiga kelele. Weye unajua kelele yangu, lakini ya siku ile haujaisikia, na namushukuru Mungu kwa hiyo. Nilimuita mujinga, nilimuita mutu wa kuua moteri za watu, mbele ya mama wa samaki, mbele ya vijana wote wa garaji, mbele ya wapita njia wenye walisimama kuangalia. Faustin hakupandisha sauti. Alisema tu:

"Papa, angalia pinyon, usiangalie shene."

Nikamuambia anyamaze. Nikamuambia anawe mikono.

Akanawa. Akapanguza kle, ile ile yenye uliiweka jana, akaiweka mahali pale pale, akatoka. Vijana wenye walikuwa wameanza kucheka waliacha, juu waliona uso wake.

Nikabomoa mimi mwenyewe. Nikapanga rangi juu ya alama, nikazungusha mara mbili, nikaangalia: rangi zimepotea. Nikajiambia ni haraka imenikosesha. Nikabomoa tena, nikapanga, nikazungusha. Zimepotea tena, na zimeenda mahali pale pale penye zilienda kwa Faustin. Hapo njo jasho ilinitoka. Nikaketi chini, nikaangalia vile aliniambia, pinyon. Kila kitone kilikuwa mahali pake. Moteri ilikuwa inazunguka laini, hakuna chenye kinagusa. Josiane, elewa: shene iko na viungo vingi, pinyon iko na meno machache. Moteri ikizunguka, kile kiungo cha rangi kinaenda na safari yake, kinashuka upande huu, kinapanda upande ule, na kinarudi juu ya alama mizunguko mingi sana ikiisha kupita. Rangi ni ya siku ya kupanga tu. Mwenye alizoea pinyon kwa pinyon hajui ile, na mimi sikujua, na mutoto wangu alijua, na nilimunyamazisha. Nilizungusha ile moteri kwa mukono mpaka bega likauma, mpaka rangi zote tatu zikarudi juu ya alama zake. Mama wa samaki akaniuliza kama kuna tatizo. Nikasema hapana.

Sasa sikia yenye inanishinda kuandika. Sikuijua nyuma ya miezi kupita. Niliijua siku ile ile, jua lingali juu. Jioni nilirudi nyumbani na Faustin alikuwa pale, anakula, mama yenu anaangalia mara mimi mara yeye. Neno moja lingetosha, hata bila kuacha kutafuna. Nikawaza, nitamuambia kesho. Nikawaza tena: alinijibu mbele ya watu, na hata kama alikuwa sawa, mutoto hamujibu papa yake mbele ya watu; akuje yeye kwanza. Unaona akili ya muzazi? Mimi njo nilimukosea, na nilikuwa namungoja aniombe musamaha. Asubuhi alikuwa amekwisha kuenda na lori ya Mongbwalu, kule kwenye mashimo ya zahabu.

Unajua desturi yetu. Mutoto akigombana na muzazi, siku anataka kupatana analeta kuku. Muzazi akiikula, maneno imekwisha, hakuna mutu wa kuifufua. Mimi nilikaa nangoja ile kuku. Mashofere walikuwa wananiletea salamu: Faustin iko muzima, Faustin anashuka mu shimo na wenzake, Faustin anauliza mama kama mukono wake umepona. Mama yenu alinililia niende kumurudisha. Nilikuwa namujibu kama barabara ni mbaya. Ilikuwa mbaya kweli, lakini malori ilikuwa inapita kila siku.

Mwishoni nilienda. Nilijitayarisha njia nzima, nimeshika chuma ya lori, maneno iko mu kinywa: Faustin, ulikuwa sawa. Tope ilituzuia, tukasukuma, nikafika nimejaa tope mutu muzima. Alifurahi kuniona, Josiane. Alifurahi kama mutoto mudogo. Alikuwa amekonda na macho yake mekundu, lakini aliniletea maji ya kuoga, akanipa shati yake. Kisha akatoka, na nikasikia kuku inalia nyuma ya nyumba.

Aliipika mwenyewe. Akaniletea sahani, na juu ya sahani firigisi, yenye kwetu ni ya papa, akapiga goti kidogo, akanipokeza kwa mikono mbili. Alikuwa ananiomba musamaha kwa kosa yenye hakuifanya. Saa ile njo ilikuwa saa ya kusukuma ile sahani na kusema, hapana mwanangu, ni mimi wa kuleta kuku. Lakini vijana wenzake wa shimo walikuwa wameketi pale, wanaangalia, na nikapata haya. Nikakamata firigisi. Nikaikula.

Tukaongea ya mvua, ya mama, ya weye na shule yako, namna ulivyokuwa unagombana na mwalimu wa hesabu. Alicheka sana. Tulipobaki siye wawili akaniuliza polepole, bila kuniangalia:

"Papa, ile gari ya samaki, ilitembea?"

"Ilitembea," nikasema.

"Aksanti Mungu."

Na ikaishia pale. Niliposema ilitembea, yeye alisikia kama mimi njo niliitengeneza, kama nilisahihisha kosa yake na moteri ikapona. Niliona uso wake ukikubali. Siku ya garaji alikuwa na uhakika. Alisema angalia pinyon, na alikuwa anajua yenye anasema. Ku Mongbwalu ule uhakika haukuwa tena ndani yake, na mwenye aliutoa ni mimi. Asubuhi nikapanda lori ya kurudi. Alinipungia mukono mpaka kwenye kona. Nikajiambia, akikuja Noeli nitamuambia, tukiketi vizuri nyumbani.

Mvua ilianguka sana mwaka ule. Shimo likawafunika, yeye na wenzake. Yenye ilifuata unaijua, ulikuwa pale, weye njo ulimushika mama yako kwenye kaburi. Watu walikuja kunifariji: papa, ni neema ulienda kumuona, mulikula pamoja, mulipatana. Eti mulipatana. Nilikuwa naitika na kichwa. Siku ya kumaliza matanga nilimueleza mama yako yote, vile nakuelezea sasa. Hakunifokea. Lakini haujajiuliza juu ya nini chakula yangu ya mchana haileti tena mwenyewe, anakutuma weye? Ananipikia, ananifulia, ananiombea. Kuingia kwa mulango huu wa garaji tu njo ilimushinda.

Kisha ukakuja weye. Ulikuja na salopeti, nguo ya kazi ya Faustin, umeikunja miguu mara tatu, ukasema unataka kazi. Nikakufukuza. Kesho yake ukarudi. Nikakupa ufagio nikijua utachoka, kumbe ulifagia hata chini ya magari yenye hayajafagiwa tangu nifungue garaji. Unakumbuka yule shofere mwenye aliuliza kama hapa pamekuwa saluni? Ukamujibu ndiyo, aingize gari yake tuisuke. Siku ile nilicheka mara ya kwanza tangu matanga, na nikageuka usinione. Unaona, kugeuza mugongo ni ugonjwa wangu wa zamani, hata furaha naigeuziaka mugongo.

Nilikufundisha yote nayojua, ila kitu kimoja. Kila shene yenye iliingia hapa, kalaje niliifanya mimi, na weye nilikutuma maji, ama chai, ama kuazima kitu kwa jirani. Ulifikiri sikuamini. Haikuwa vile. Niliogopa saa ya kuzungusha, saa ya rangi kupotea, juu najua weye na macho yako utauliza, na nikijibu ni lazima nimutaje Faustin. Juzi sikuweza tena kukutuma. Ulisema, papa, hii ni gari yenye itanipeleka, acha niipange mimi. Ningesema nini?

Ulipanga vizuri. Nilikuwa nyuma yako, niliona. Ukazungusha kwa mukono mara mbili bila kuambiwa, ukainama na toroshi, ukakunja uso. Ukaniuliza, "Papa, rangi zimepotea. Nimekosa?"

Jibu lilikuwa fupi, na nilikuwa nalo tangu siku ya kamioneti ya samaki. Nikafungua kinywa. Nikaona mikono yako juu ya shene, na ni mikono yake, vidole virefu, dole gumba limepinda kidogo inje. Machozi ikanipanda. Nikatoka. Nilienda nyuma kwa yule jirani mwenye kuuza mbao, nikalia pale, nikajipanguza na kitambaa ya garaji yenye ilijaa mafuta, macho ikaniwasha zaidi. Mutu wa mbao akaniuliza kama nimefiwa. Nikamuambia ndiyo.

Niliporudi ulikuwa umekwisha kubomoa. Ulibomoa kazi yenye ilikuwa sawa, ukapanga upya, ukazungusha, ukabomoa tena, vile vile papa yako alifanya. Nilikuona, nikaweza kusema tu habari ya kufunga mulango. Jana kle ikakuwa juu ya meza. Mimi sikukutuma kunawa, Josiane, lakini kunyamaza kwangu kulikutuma.

Leo, wakati ulienda kuaga wenzako wa kwaya, nilienda nyumbani nikamuomba mama yako akuje pamoja na mimi. Sikumueleza. Alisimama pale mulangoni muda murefu, ameshika kitenge yake, kisha akaingia. Kupanga kwako kwa mwisho sikukugusa. Nilimuonyesha vitone vya pinyon, vyote mahali pake. Nikamuonyesha kama rangi haziko. Kisha nikaanza kuzungusha kwa mukono, polepole, na yeye ameinama kando yangu na toroshi. Tulikawia. Kiungo cha kwanza kikapanda, kikakuja, kikaketi juu ya alama yake, na vingine viwili navyo. Mama yako aliangalia sana. Akauliza, "Ni hii tu?"

Nikasema ni hii tu.

Alizima toroshi, akanirudishia, akaenda nyumbani kukutengenezea biskuti za njiani. Ukizikuta zimeungua kidogo, njo maana yake. Usimuulize.

Nilifunga kifuniko, tukamwaga mafuta mupya, na Zakaria akawasha. Moteri ilishika mara moja, ikatulia. Unaweza kuweka kikombe ya chai juu yake. Zakaria akauliza nani alipanga kalaje. Nikamuambia kesho utamujua.

Ku Kisangani utakuta watu wenye kuwa kama mimi. Wanajua sheria moja vizuri, na wanafikiri njo yote. Watakufokea. Faustin alisema mara moja tu, kisha akanyamaza, juu alikuwa ananieshimu. Nimewaza sana juu ya ile eshima. Nilikuwa nataka watoto wenye kunieshimu, nikawapata, na njo ile ilimupeleka. Weye ukiwa na uhakika, sema hata mara ya pili. Na siku weye njo umekosea mutu, umuambie jioni ile ile, hata na tonge mu kinywa. Usingoje kuku. Sina shauri lingine, na haya mawili nimeyalipia.

Kesho asubuhi nitakuwa kwa parkingi mbele ya weye kufika, na kle mukononi. Sheria inasema mwalimu ananyosha, haiachwi juu ya meza. Ya Faustin sikuinyosha, iliendelea kukaa pale mpaka weye ukaiokota na kuanza kazi nayo, na sikusema kitu. Kesho nitainyosha. Kama moyo wako unataka kushona kweli, ikamate tu, uiweke chini ya mashini, ni ya yaya yako. Lakini ikamate kwa mukono wangu.

Na sitakupokeza kwa siri. Faustin nilimufokea mbele ya watu, basi yenye iko sawa nitaisema pia mbele ya watu, na ile kelele yangu yenye unaijua, mbele ya Zakaria na wasafiri na wenye kuuza mikate: moteri hii, mutoto wangu Josiane njo alipanga, na iko sawa. Na ile ya samaki, mutoto wangu Faustin njo alipanga, na ilikuwa sawa. Nimekwisha kujaribu kuisema hapa, garaji tupu, hakuna mutu. Ya kwako inatoka vizuri. Ya Faustin, nikifika kwa jina lake, sauti inakatika.

Ikikatika kesho, mwanangu, usiniache pale mbele ya watu. Malizia weye.

Ni mimi,
Papa yako